"OPEC" ya Arua: Msimu Usio Fumbo

Vitabu vingi vya isimujamii huieleza misimu kuwa lugha ya kikundi inayoficha siri, inayozuka na kutoweka upesi. Maelezo hayo hayatoshi hapa Arua. Vijana waliouza kando ya barabara petroli iliyovushwa kutoka Kongo, kwa jerikani na chupa, waliitwa "OPEC". Jina ni la jumuiya ya nchi zinazouza mafuta, iliyoundwa Baghdad mwaka 1960. Uganda si mwanachama. Halikumficha mtu: askari, mteja na muuzaji wote walilielewa. Wala halikutoweka upesi. Lilidumu kwa miongo.

Basi lilifanya kazi gani? Naona lilijibu neno jingine la Kiswahili, "magendo", lililoenea Uganda enzi za Idi Amin. Jerikani ni ile ile: "magendo" humfanya muuzaji kuwa mhalifu, "OPEC" humfanya mfanyabiashara, tena kwa mzaha unaouma. Kwa hiyo tusiulize tu msimu unamficha nani. Tuulize pia unamtetea nani, na dhidi ya neno la nani. Mtunga kamusi atakayeandika "OPEC: wauza magendo" atakuwa amekwisha kutoa hukumu.