Wimbo wa Kijiti na Habari Iliyouzaa

Mwalimu akusanyaye nyimbo za watu huandika maneno kwanza, na aghalabu huishia hapo. Hasara ya desturi hiyo yaonekana wazi katika nyimbo za Siti binti Saad wa Unguja, maana zilizaliwa na mambo ya kila siku, na asiyeyajua mambo hayo husoma maneno asipate habari.

Siti alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa, nalo latosha kueleza hali ya wazazi wake. Alikuwa mfinyanzi, akichukua vyungu kwenda kuviuza. Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarab ya siku zile ilikuwa ya jumba la Sultani na ya vyama vya waungwana, kama Akhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti naye aliimba Kiarabu, walakini sifa yake kubwa ni Kiswahili, tena Kiswahili cha Ng'ambo, upande wa mji waliokokaa maskini na watu waliotoka utumwani. Nyumbani kwake walikusanyika wapigaji wenzake. Habari za mjini zikaletwa na kuzungumzwa, na baadhi yake zikageuzwa kuwa nyimbo. Kwa hiyo si rahisi kusema ubeti huu ni wa nani, wala sioni faida kubwa ya kuuliza. Mwaka 1928 walisafiri hata Bombay, wakaimbia kampuni ya His Master's Voice, na santuri zao zikaenea pwani yote.

Katika nyimbo zake mashuhuri uko ule wa Kijiti. Mwenye kamusi tu atadhani ni habari ya mti mdogo. Lakini Kijiti ni mtu, na upatanisho wa maneno wamfichua: Kijiti alikimbia, si kilikimbia. Habari yake ni hii. Alimchukua mwanamke mgeni, mwenye mimba, akamwua, kisha akavuka bahari kwenda bara. Kesi ikafika mahakamani, na walioadhibiwa wakawa wanawake waliokuwa pamoja na yule mgeni, kwa ajili ya ulevi uliokuwamo katika matembezi yao. Mwuaji hakupatikana.

Wako waliozidharau nyimbo za namna hii, wakiziita masengenyo yenye ngoma. Nakiri ya kuwa masengenyo yamo. Ila tutazame kazi iliyofanywa na mtungaji. Anawaita watu waje kutazama, kama apigaye ukelele njiani. Kisha, alipopaswa kulitaja tendo lenyewe, anatumia neno foliti, yaani mchezo wa watoto wa kukimbizana: mgeni alichukuliwa kwenda kuchezeshwa. Hakuna tusi wala maelezo ya jeraha. Neno la watoto limewekwa mahali pa neno la mauaji, na msikilizaji hushtuka mwenyewe. Baadaye twapelekwa mbele ya hakimu aliyekaa kitini, na kisha wimbo wamgeukia mtoro na kumwonya kana kwamba yu karibu asikie. Mtu wa Ng'ambo hakuwa na njia ya kuikata rufaa hukumu ile. Lakini wimbo uliweza kumfuata Kijiti mahali ambapo askari hawakumfikia. Hayo si masengenyo matupu. Ni hukumu ya pili, iliyotolewa na watu ambao mahakama haikuwauliza.

Neno foliti laonyesha pia jinsi mkusanyaji awezavyo kukosea. Akiliandika bila kuuliza, ataona mchezo tu, na ubeti wote utakuwa wa furaha.

Siti alifariki mwaka 1950. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuuimba wimbo huu katika uzee wake, mbele ya watu wa nchi nyingi ambao kesi ile hawakuijua kabisa. Nao ulisimama, kwa sababu ya sauti yake na kwa sababu umejengwa vema.

Lawama yangu ni moja. Jina la mwuaji limedumu miaka yote hii, tena limekuwa jina la wimbo. Mwanamke aliyekufa, katika beti zilizoenea zaidi, huitwa mgeni tu.