G27 Haina Tatizo la Nguvu

Mtu akilalamika kwamba usukani wake wa michezo ya mbio za magari, Logitech G27, haumwambii kitu akiwa kwenye kona, muulize kwanza ameupangaje. G27, kama G25 ya mwaka 2006 iliyoitangulia, ina mota mbili ndogo zinazozungusha usukani kupitia gia, na nguvu yake ya juu kabisa ni nyutoni mita 2 na kidogo. CSL DD wa Fanatec, usukani wa kisasa ambao mota yake imefungwa moja kwa moja kwenye mhimili, huanzia nyutoni mita 5. Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi: wanapandisha nguvu mpaka mwisho ili wafidie, na kwa kufanya hivyo wanapoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho.

Chukua Eau Rouge, katika uwanja wa Spa, ndani ya mchezo wa Assetto Corsa. Gari likifika bondeni kwa kasi kabla ya kupanda mlima, matairi yanagandamizwa barabarani na usukani unakuwa mzito ghafla. Lakini mchezo hauwezi kuiagiza mota zaidi ya asilimia 100. Hesabu ikidai 130, mota inapewa 100. Ikidai 160, ni 100 ile ile. Sasa kumbuka tabia ya tairi la mbele: likikaribia mwisho wa uwezo wake wa kushika barabara, ule msukumo unaorudisha usukani katikati huanza kupungua kabla tairi lenyewe halijaachia. Dereva mzuri anaiwinda dalili hiyo kila kona. Msukumo ukishuka kutoka 160 hadi 120, mikono haihisi chochote, na gari linagoma kukata kona bila kukuonya.

Dawa ni kushusha. Washa kile kidirisha cha pedali kinachoonyesha nguvu ya usukani, uendeshe mizunguko kadhaa, uangalie mstari wake unageuka mwekundu wapi. Ukiwa mwekundu katikati ya kona ndefu, punguza kwa kitufe cha kutoa kwenye upande wa namba wa kibodi. Mpangilio huo ni wa gari husika tu, na magari hutofautiana sana. Mwekundu wa kupitiliza mara moja unapokanyaga kingo za uwanja hauna madhara.

Upande wa pili wa tatizo uko kwenye nguvu ndogo, na kwangu ndiko kwenye utamu wa kazi hii. Gia zina msuguano, na kati ya jino na jino pana nafasi. Meno ya G27 yamekatwa mshazari, kwa hiyo hayagongani kwa kelele kama yale yaliyonyooka ya G25, lakini nafasi ipo. Mchezo ukituma asilimia 5, mota inasukuma na usukani hausogei. Ndiyo maana katikati panakuwa pamelegea kama pamekufa.

Programu ya WheelCheck inaupima ulegevu huo. Inatuma nguvu kidogo kidogo kwa kupanda, huku mikono ikiwa mbali na usukani, na kuandika kila mara usukani umesogea kiasi gani. Matokeo yake hupelekwa kwenye LUT Generator, inayotengeneza jedwali la kusahihisha: asilimia 1 ya mchezo inageuzwa kuwa kiasi kinachotosha kuishinda gia, na kuanzia hapo nguvu ya usukani inapanda kwa ulinganifu. Faili la jedwali hilo linawekwa kwenye folda ya mipangilio ya Assetto Corsa na kutajwa ndani ya ff_post_process.ini. Ukitumia jedwali, kipimo cha nguvu ya chini ndani ya mchezo kiwe 0, la sivyo unafidia mara mbili.

Kwenye programu ya Logitech hakuna mengi: nyuzi 900, springi ya kurudisha katikati izimwe, ukinzani uwe 0. Ndani ya mchezo, mitetemo ya nyongeza ya barabara na kingo nayo iwe sifuri au karibu na hapo, maana inakula nafasi ile ile finyu ya mota.

Kisha jaribu kwenye sehemu iliyonyooka ukiwa umeushika usukani kwa vidole tu. Ukianza kuyumba wenyewe kushoto na kulia, fidia imezidi. Punguza namba za mwanzo za jedwali kidogo kidogo mpaka utulie.