Kumpiga Nani? Kitenzi Kimoja katika Hotuba ya Vita ya Mwalimu Nyerere

Hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya Novemba 1978, aliyoitoa baada ya jeshi la Idi Amin kuvamia Kagera na Amin kutangaza kuwa eneo hilo ni la Uganda, husifiwa kwa mambo matatu aliyoyataja: uwezo, sababu na nia. Tunapoichambua darasani tunaonyesha takriri, mapigo ya sentensi na sauti tulivu ya msemaji. Sifa hizo ni za haki. Lakini sisi tunaoisoma tukiwa Tororo, upande wa mpaka ambako jeshi lile lilikuja kuingia, tunapaswa kuuliza zaidi: uwezo, sababu na nia ya kufanya nini?

Jibu limo katika kitenzi kumpiga. Kiambishi -m- ni cha mtendwa mmoja, naye ni Amin. Hakiitaji nchi ya Uganda, wala serikali ambayo ingefuata. Kitenzi chenyewe ni cha nyumbani na mtaani, ndiyo maana kila msikilizaji alikielewa papo hapo. Aidha, Mwalimu aliwataka marafiki waliokuwa wakishauri suluhu waache maneno hayo. Hotuba inafunga mlango wa mazungumzo, wala haisemi utafunguliwa lini.

Kwa hotuba ya kuhamasisha, hapo ndipo penye nguvu yake. Tatizo linaanza pale kiambishi kilipompoteza mtu wake. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979 na Amin akakimbia. Jeshi la Tanzania likasonga mashariki hadi huku kwetu, na kaskazini hadi mpaka wa Sudan, lilikofika tarehe 3 Juni. Wa kupigwa hakuwapo tena, lakini jeshi lilibaki Uganda hadi 1981. Katika muda huo Yusuf Lule aliondolewa madarakani baada ya siku 68, Godfrey Binaisa akapinduliwa Mei 1980, na uchaguzi uliobishaniwa wa Desemba 1980 ukamrudisha Milton Obote. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuelezwa kwa kitenzi kumpiga.

Neno lililokuja kujaza pengo hilo ni ukombozi. Askari wa Tanzania waliitwa wakombozi, na Kiganda kikalichukua neno hilo: bakombozi. Hata hivyo, kukomboa pia ni kulipa ili kilichowekwa rehani kirudi. Neno lenyewe lina bei ndani yake. Watanzania waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita na dhiki ikabaki.

Bei nyingine ilikuwa ya kidiplomasia. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia mwezi Julai 1979, Jaafar Nimeiri wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania, kwa kuwa mkataba wa umoja huo ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Utetezi wa Tanzania ulikuwa kwamba kulikuwa na vita viwili: vya Tanzania kujilinda, na vya Wauganda kujikomboa. Historia ya Tororo inaunga mkono hoja hiyo kwa kiasi fulani. Machi 1979 wapiganaji wa Uganda waliotokea Kenya waliushambulia mji huu, lakini jeshi la Amin likawashinda. Basi vita vya pili vilikuwapo kweli, ila havikuweza kusimama bila jeshi la vita vya kwanza.

Mtu anaweza kusema kwamba hotuba iliyotolewa siku chache baada ya uvamizi haiwezi kubeba mambo ya miaka mitatu. Ni kweli, na haki ya Tanzania kujilinda siipingi. Ninachopinga ni namna tunavyoikariri, kana kwamba vita viliisha siku Amin alipokimbia.

Kwetu Wauganda swali hili si la jirani tu. Jeshi letu liliingia Kongo mwaka 1998, nalo likieleza kuwa linajilinda, likaondoka 2003. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Vita hivyo havifanani na vya Kagera kwa chanzo wala kwa dhamira. Vinafanana kwa jambo moja: sababu ya kuingia ilitangazwa mapema, na hesabu ya kutoka ikaja baadaye.

Kwa hiyo napendekeza hotuba hii iendelee kufundishwa, ila isomwe hadi 1981. Baada ya uwezo, sababu na nia, mwanafunzi aulizwe ni jambo gani la nne ambalo msemaji hakulitaja. Kwa maoni yangu, ni mwisho.