Fundi na Kiti cha Baraza la Mitaala

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Kasese huvuka Mfereji wa Kazinga hapo Katunguru. Ng'ambo moja ya daraja ni wilaya ya Rubirizi, ng'ambo ya pili ni Kasese, na katikati yapita maji yaunganishayo Ziwa George na Ziwa Edward. Katika vijiji vya wavuvi vya pande hizi, mitumbwi ya mbao huundwa na kutengenezwa na mafundi ambao wengi wao hawakujifunza kazi hiyo darasani. Fundi apimaye ubao, aukataye kwa msumeno na kuziba nyufa maji yasipenye, ana hesabu yake na ana sayansi yake. Akikosea, watu huzama.

Katika makala haya twakusudia kuutahakiki mtaala wa kidato cha kwanza hadi cha nne wa nchi yetu ya Uganda kwa kuuliza swali moja tu: je, fundi wa namna hii, au mwalimu amfundishaye, ana sauti gani mtaala utungwapo?

Yafaa tuanze na historia. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji wa Mitaala, kilichoko Kyambogo, kiliundwa kwa amri ya serikali ya mwaka 1973. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Senteza Kajubi ilitoa taarifa yake mwaka 1989, na serikali ikatangaza msimamo wake katika Waraka wa 1992. Tangu wakati ule ilikubaliwa kwamba elimu ya kazi za mikono isiwe ya wale walioshindwa masomo peke yao, bali iwe sehemu ya elimu ya watoto wote. Hata hivyo mtaala mpya wa sekondari ulianza kufundishwa mwaka 2020, yaani miaka 28 baada ya Waraka ule.

Hatuna budi kuusifu mtaala huu pale ustahilipo sifa. Umepunguza mzigo wa kukariri. Umeweka miradi ya wanafunzi, na umeamuru kwamba alama 20 katika kila 100 zitokane na kazi za shuleni. Umetaja Kilimo, Lishe na Teknolojia ya Chakula, na Teknolojia na Usanifu. Kwa karatasi, basi, ufundi umeingia.

Lakini masomo mengi ya ufundi yamewekwa katika fungu la hiari. Hapo ndipo tuonapo udhaifu. Somo la hiari lihitajilo karakana, mbao na vyombo haliwezi kushindana na somo la hiari lihitajilo chaki na kitabu. Mwalimu mkuu mwenye fedha kidogo atachagua lililo rahisi, wala hatumlaumu. Mwanafunzi ataambiwa kuwa ana hiari, na kumbe hiari hiyo imekwisha kuamuliwa na ukosefu wa benchi. Mwalimu wa lugha akikaa barazani huuliza habari za vitabu na idadi ya vipindi. Mwalimu wa ufundi huuliza: benchi ziko ngapi? Msumeno mmoja utashikwa na watoto wangapi? Mbao zitakazoharibika watoto wakijifunza zitalipwa na nani? Maswali haya yasipoulizwa kabla ya kalamu kushika karatasi, huja kuulizwa baadaye shuleni, wakati hakuna awezaye kuyajibu. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mfano tunao hapa hapa Kasese. Chumvi ya Katwe imevunwa kwa mikono kwa vizazi vingi. Katika miaka ya 1970 ilikusudiwa kujengwa kiwanda cha kisasa. Kikajengwa, lakini hakikudumu, kwa kuwa mitambo na mabomba yaliliwa na maji makali ya ziwa lile. Wavunaji wa chumvi hawakuwa wahandisi, wala hatusemi kwamba wangeweza kusanifu mitambo. Ila ukali wa maji yale waliujua kwa ngozi zao. Kwa maoni yetu, mpango wowote ule, uwe wa kiwanda au wa masomo, huponzwa na jambo ambalo mtenda kazi alilijua na mpangaji hakuuliza.

Huenda ndugu msomaji akajibu kwamba mafundi huulizwa. Ni kweli, na yafaa tuseme hivyo. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, iliyotambuliwa katika Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya 2008, iliwaita watendaji wa kazi mbalimbali waeleze hatua kwa hatua kazi yao ilivyo, na maelezo hayo yakawa msingi wa mafunzo na mitihani. Huo ulikuwa utaratibu mwema. Lakini ulikuwa kwa ajili ya wale waliokwisha kuchagua ufundi. Mtoto wa sekondari ya kawaida, ambaye ndiye tuliyetaka ashike randa na kalamu pamoja, mtaala wake hutungwa katika nyumba nyingine. Isitoshe, kuitwa kutoa maelezo si sawa na kuwa na kiti. Aitwaye hujibu aliloulizwa, kisha huenda zake. Mwenye kiti huweza kuuliza, kukataa, na kurudi mwaka wa pili kudai lililoahidiwa.

Basi nani akalie kiti hicho? Hapa pana hatari. Tukimweka mwenye kiwanda peke yake, atatuambia aina ya wafanyakazi awatakao leo, naye hana wajibu wa kufikiri juu ya mtoto atakayekuwa mtu mzima miaka 30 ijayo. Tukimweka mkuu wa chuo peke yake, huenda ameiacha karakana zamani. Twapendekeza waketi watu wawili pamoja na hao: mwalimu wa ufundi ambaye bado afundisha, na fundi ambaye bado atenda kazi. Naye fundi asitiwe aibu kwa sababu ya Kiingereza.

Na hapo ndipo jambo hili lituhusupo sisi walimu wa Kiswahili. Tukumbuke kwamba Kiswahili hakikuletwa bara na shule peke yake. Maneno kama fundi, msumari na msumeno yaliingia katika lugha za Uganda pamoja na vyombo vyenyewe. Reli ilipofika Kasese na shaba ya Kilembe ilipoanza kuchimbwa mwaka 1956, watu wa lugha nyingi walikutana kazini, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizowapatanisha. Leo kule Bwera na Mpondwe ndicho kinachouza na kununua baina yetu na ndugu zetu wa Kongo. Jamaa zetu wa Tanzania, walipofungua mkondo wa ufundi katika sekondari mwaka 2024, waliuita mkondo wa amali, neno lililokuwa likitumika Zanzibar. Wao wamekwisha kuanza kuipa kazi ya mikono jina la heshima.

Sisi je? Katika mtaala wa 2020 Kiswahili ni cha lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, kisha katika kidato cha tatu huingia katika fungu lile lile la hiari yaliyomo masomo ya ufundi. Tumekalishwa mkeka mmoja. Twafundisha insha juu ya safari na harusi, na mtoto wa Katunguru hajui kueleza kwa Kiswahili namna baba yake azibavyo mtumbwi. Kosa hilo si la baraza, ni letu.

Kwa hiyo twatoa rai mbili. Chama chetu, kipelekapo maoni Kyambogo juu ya somo la Kiswahili, kiombe pia kiti cha fundi, wala kisione kwamba hayo ni ya wengine. Na kabla ya kiti hicho kupatikana, kila mmoja wetu amwite fundi wa mtaani kwake siku moja darasani, asimame mbele ya wanafunzi na chombo chake mkononi, nao waandike ayasemayo. Baraza likikawia, darasa lisikawie.