Chungu chenye kichwa na chungu chenye mbegu

Wenzangu wa promosheni, mbele ya wote nyinyi wa Agronomia, leo naacha mihogo. Nimemaliza kusoma African Reflections, kitabu cha Enid Schildkrout na Curtis Keim cha mwaka 1990, juu ya sanaa ya kaskazini-mashariki mwa nchi yetu. Kinatugusa hata sisi wa Kisangani: Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na museo moja ya New York, walipita hapa Stanleyville mwaka 1909 wakitafuta okapi. Kazi yao iliisha 1915, wakiwa wamekusanya vitu karibu 4,000 vya watu, tusihesabu ndege na nyoka.

Hoja iliyonishika ni ile ya vyungu vya Mangbetu vyenye kichwa cha mutu, fuvu refu na nywele zimesukwa pana juu. Tulizoea kusema ni mambo ya mababu tangu zamani. Waandishi wanaonyesha kwamba vilishika nguvu wakati ule ule Wazungu walipoanza kuvitafuta, kisha vikapungua. Mnunuzi alipenda kichwa, mfinyanzi akatia kichwa. Yaani mukusanyaji haokoti tu, anasaidia kutengeneza kile anachokuja kuokota. Hapo nawapigia mikono.

Kasoro yangu ni hii: unafunga kitabu, kichwa ndicho kinabaki mu akili. Ni kitabu cha sanaa, sawa, siwezi kukidai kiongee fukuzi wa mahindi. Lakini kile chungu kikubwa cha tumbo pana, bila pambo, kilichowekaka chakula na mbegu za nyumba nzima, nani atakikusanya? Wazungu wa leo hawakitaki. Na sisi pia.

Mimi mwenyewe ni shahidi mubaya. Koko yangu, mama ya mama, alikuwa na viwili karibu na moto, kwa kijiji cha barabara ya Buta. Mnunuzi mmoja alikuja na moto-baiskeli, akauliza kwanza: "Hakuna cha kichwa?" Hakuna. Akachukua kile chenye michoro shingoni, kwa faranga 20,000. Koko aliniangalia, nikasema: "Uzisha tu, koko, tutanunua bidoni." Mwaka huo nilikuwa naandika memwari juu ya kuhifadhi mbegu za karanga. Kurasa zaidi ya 40, na chungu cha koko hakimo hata mara moja!

Bidoni tulinunua. Mbegu ziliota kuvu. Hapa kwetu hakuna kiangazi cha kweli, na mwalimu alitufundisha kanuni ya Harrington: unyevu wa mbegu ukishuka kwa asilimia 1, maisha yake yanakaribia kuongezeka mara mbili. Udongo uliochomwa unapumua, moshi na joto la jikoni vinakausha, majivu yanasumbua fukuzi. Bidoni ya plastiki ni nzuri ikiwa mbegu imekauka sana. Sisi tulifungia maji ndani.

Kwa wenzetu wa Marekani kisa kinafanana. Kuanzia 1879, watu wa Smithsonian walibeba vyungu kwa maelfu kutoka Zuni na vijiji vingine vya Pueblo, mitungi ya maji na ya chakula. Wafinyanzi wengi hawakuandikwa jina. Lakini mwaka 2022, kule Santa Fe, maonyesho ya Grounded in Clay yalifanywa na watu zaidi ya 60 wa jamii hizo hizo: wao ndio walichagua vyungu, wao ndio waliandika maneno ya pembeni. Hiyo ndiyo ningependa kuona juu ya vile vya Uele.

Sisi wa Yangambi tunajua kazi hii. Ukipeleka jani kwenye ebario bila mahali, tarehe, jina la muokotaji na matumizi, wanakurudishia. Chungu mara nyingi kinaandikwa "Mangbetu" na jina la Mzungu, basi.

Kile cha pili cha koko bado kipo. Mwezi uliopita nilikipima: urefu sentimita 47, mdomo 19, ufa mmoja umezibwa na utomvu. Kilifinyangwa na dada yake mukubwa, kabla ya vita vya siku sita. Ndani kuna mahindi na majivu. Nimeandika yote kwenye karatasi, nikaifunga kwa kamba shingoni. Koko ameuliza kama ni bei.