Darasa la Mwenzako

Mwalimu wa taaluma alinikuta nikisaini daftari la mahudhurio. "Mwalimu, wa darasa la kwanza B anaumwa. Nishikie mpaka saa nne, ukitoka hapo uvuke kwa jirani, kidato cha pili hawana mtu wa Historia."

Kwa jirani ni shule ya sekondari ya kata, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Hapo ni Chamazi, Temeke, na mimi nilikuwa mwalimu wa kujitolea. Serikalini hakuna cheo cha mwalimu wa akiba anayengoja kuitwa mwenzake akiugua. Kipindi humwangukia mwenye nafasi, na tangu ada na michango vifutwe kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 na madarasa kufurika, mwenye nafasi ni nadra kumpata. Kwa hiyo tunajifunza kushika kipindi kwa kurushwa humo humo. Siku ile ilinifundisha kwamba kila darasa lina utaratibu wake, umewekwa mahali fulani, na mgeni asiyejua ulipowekwa atapiga kelele mpaka kengele ilie.

Darasa la kwanza niliingia na chaki mkononi. Nikaandika silabi ubaoni, nikageuka: watoto tisini na kitu, nusu wamesimama, wawili wanagombea kifutio. Nikapandisha sauti, nao wakapandisha. Msichana wa mbele akanivuta shati. "Mwalimu, hatujaimba."

Kumbe wana wimbo wa kukaa, wimbo wa kugawa vizibo vya soda vya kuhesabia, na wimbo wa kuvirudisha. Nikamwambia aanzishe. Sauti zikaungana, watu wakakaa, kopo likapita mstari kwa mstari bila mimi kutamka neno. Katika umri huu utaratibu unakaa mwilini: kwenye wimbo na kwenye sehemu ya kukaa. Ule wa kurudisha nilioudhani mchezo ndio ulioniduwaza. Kila kizibo kinachoanguka koponi kinatajwa namba yake. Tukafika arobaini na tisa, kopo likasimama. Darasa zima likageuka kumtazama mvulana mmoja, naye akainua mguu taratibu; cha hamsini kilikuwa chini ya kiatu. Mwenye darasa alikuwa ameunganisha hesabu, nidhamu na ulinzi wa mali katika wimbo mmoja, na kipindi chenyewe ni dakika 30 tu.

Ndiyo maana huwa sielewi kwa nini mgeni hupelekwa madarasa ya chini kwa kudhani ni mepesi, huku wazoefu wakitunzwa kwa darasa la saba. Desturi hii ni ya zamani. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Elimu ya Msingi kwa Wote ilihitaji walimu kwa maelfu, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Hao nao walianzia madarasa ya chini, ila hawakuachwa peke yao: waligawiwa vipindi vichache, wakasoma kwa posta na redio, na shuleni pale pale palikuwa na mwalimu wa kuwaongoza. Katikati ya miaka ya 2000, shule za kata zilipoota kila mahali, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya takriban mwezi mmoja na kupangiwa vituo. Mitaani wakabatizwa "Voda fasta", kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu. Jina lilikuwa la kejeli, lakini kilichowapungukia zaidi, kwa maoni yangu, ni mtu wa kuwavuta shati.

Kati ya darasa la kwanza na sekondari kuna madarasa kama la sita, ambalo sitalizungumzia sana. Pale utaratibu anao kiranja. Muulize, naye atakwambia hata nani asitumwe maji kwa sababu harudi.

Saa nne nilivuka uwanja, na kidato cha pili kikanipokea kwa kusimama wima na salamu ya Kiingereza ya pamoja, kisha kimya. Kimya hicho kinadanganya. Niliomba madaftari mawili, la monita na la kijana wa dawati la nyuma. La monita lilikuwa limefika Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, limepigiwa mistari kwa rula. La kijana lilikomea wiki tatu nyuma, katikati ya sentensi. Kati ya kurasa hizo mbili ndipo darasa lilipopotea. Hata monita, nilipomuuliza maana ya lile sharti la Berlin kwamba taifa linalodai ardhi lionekane limeikalia, alinisomea Kiingereza cha notisi neno kwa neno.

Nikafunga daftari. Nikawauliza kwa Kiswahili: mtu akinunua kiwanja huku kwetu asiweke hata msingi, akirudi mwakani anakuta nini? Darasa likacheka. Wa nyuma akajibu kabla ya wote: "Anakuta mtu ameshapaua." Tukarudi kwenye Kiingereza tukiwa na kiwanja mkononi, na sentensi ya kwanza ubaoni aliiandika yeye, na makosa yake mawili.

Kabla sijavuka kutoka shule ya msingi, nilikuwa nimeacha karatasi ndani ya kopo: silabi tulizofikia, wasiokuwepo, vizibo 50. Mwenye darasa alirudi Alhamisi. Akaisoma, akanishukuru, akamimina vizibo mezani na kuanza kuhesabu.