Kuisoma Zinia

Rangi ndiyo inayoyavuta macho kwenye zinia, na ndiyo isiyosaidia kitu mtu akitaka kuitambua. Mbele ya nyumba za Bukoba, au kwenye bustani ya kanisa huko Muleba, pakiti moja ya mbegu hutoa maua mekundu, ya waridi, ya njano na meupe, na yote yakawa spishi moja. Mtambuzi hodari huyaacha maua kwanza. Huinama, akaanza na majani.

Majani ya zinia hukaa mawili mawili yakitazamana, yameshikana na shina bila kikonyo, na kila jozi imekaa mkingamo juu ya jozi iliyo chini yake. Kwa hilo peke yake umeshaitenga na alizeti mwitu, ile Tithonia ya njano inayojaa kandokando ya barabara kulizunguka Ziwa Victoria, kwa kuwa majani yake hupishana. Umeitenga pia na kosmosi, yenye majani yaliyochanikachanika. Pitisha kidole, jani linakwaruza. Litazame kwa karibu: mishipa mikuu mitatu, pengine mitano, inaanzia pamoja kwenye kitako cha jani na kuelekea nchani. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na katika unyevu huo majani ya chini hushikwa upesi na ubwiri unga. Kwa hiyo huchumwa jani la katikati ya shina, lililokomaa na safi.

Sasa ua. Hilo tunaloliita ua moja ni kundi zima la viua vidogo vilivyokaa juu ya kitako kimoja. Vya pembeni ni vya kike, kila kimoja na petali yake ndefu. Vya katikati ni vijineli vyembamba vyenye ncha tano, na hufunguka kwa zamu kutoka nje kwenda ndani. Hapa ndipo ilipo alama ninayoipenda kuliko zote: petali ya zinia haianguki. Hunyauka ikiwa bado imeng'ang'ania mbegu yake, ikawa kavu na nyepesi mithili ya karatasi, na mbegu hukomaa nayo. Anayehifadhi mbegu za msimu ujao amekwisha kuishika alama hii mara nyingi kiganjani.

Jenasi ikishajulikana, kazi ngumu ndipo inapoanza. Zinia ya bustanini kwa kawaida ni Zinnia elegans, yenye asili ya Meksiko. Wataalamu wengine huiita Zinnia violacea, jina ambalo mwanabotania Cavanilles alilitoa mwaka 1791. Ipo nyingine, Zinnia peruviana, nyembamba na yenye maua madogo, ambayo imekwisha kuzoea kuota yenyewe sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na Kusini. Ukiikuta imejiotea pembeni mwa kibanja, ni rahisi kudhani ni zinia ya bustani iliyokosa mbolea. Kuzitenganisha kunataka wembe na lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Ua hupasuliwa katikati, kutoka juu hadi kikonyoni. Kila kiua cha ndani kimekumbatiwa na kigamba chembamba. Kwenye elegans ncha ya kigamba hicho imechanika kama matamvua ya kikoi. Kwenye peruviana ni ya mviringo, karibu nzima. Kisha mbegu za katikati: za elegans hazina kitu juu, za peruviana zina mwiba mmoja mgumu. Hakuna mbolea wala kivuli kinachoweza kubadili hayo.

Linnaeus ndiye aliyeipa jenasi hii jina, mwaka 1759, kwa heshima ya Johann Gottfried Zinn wa Göttingen, aliyefariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 31. Zinn alikuwa mwanabotania, lakini kitabu chake kikubwa, cha mwaka 1755, kinahusu muundo wa jicho la binadamu.

Watu wa Kagera, mkoa wa Bukoba na Muleba, si wageni wa ustadi huu wa kutambua mimea. Anayelima kibanja huzitofautisha aina za migomba, nshakala na nchoncho, na nchoncho na enyoya, kwa namna chane zilivyobanana kwenye mkungu, mpindo wa ndizi, madoa meusi ya shina na umbo la ua dume. Mwaka 1955 wataalamu Simmonds na Shepherd walichapisha alama 15 za kupima undugu wa migomba, zikiwemo rangi ya shina na mfereji wa kikonyo cha jani. Ni sehemu zilezile ambazo mkulima huzitazama anapopita shambani. Tena tangu mnyauko wa bakteria wa migomba ulipoonekana Muleba mwaka 2006, wakulima wamehimizwa kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasieneze ugonjwa. Alama moja imeondoka, na bado mgomba unatajwa kwa jina lake. Huo naona ni utambuzi wa daraja la juu.

Mwanabotania hana budi kuongeza kazi moja: kuandika, ili mtu aliye mbali, asiyeuona mmea, aujue. Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani cha Bukoba mwaka 1890 alikuwa pamoja na Franz Stuhlmann, ambaye alikausha mimea ya huku na kuipeleka Berlin. Mwaka 1943 hebaria ya Berlin, ghala la mimea iliyokaushwa, iliungua kwa mabomu na vielelezo vingi vikateketea. Maelezo yaliyokwisha kuchapishwa hayakuungua. Baadaye ikaja Flora ya Afrika ya Mashariki ya Tropiki, mfululizo wa vitabu vya maelezo ya mimea, iliyotolewa kwa sehemu kuanzia mwaka 1952 hadi 2012, yenye spishi zaidi ya 12,000. Humo Bukoba na Muleba zimo katika eneo liitwalo T1. Michoro yake ya wino mweusi naipenda kuliko picha ya kamera, kwa sababu mchoraji amekwisha kuamua kipi kionekane.

Maelezo ya Flora hiyo yameandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiswahili kinaweza kuibeba kazi hii bila taabu, kwa mfano hivi. Zinnia peruviana: mmea wa msimu mmoja, kimo hadi sentimita 50, mara chache mita 1. Shina la kijani, likizeeka huelekea njano au zambarau. Majani yanatazamana, umbo la yai hadi la mkuki, urefu milimita 25 hadi 70, upana 8 hadi 35, yanakwaruza, mishipa mikuu 3 au 5. Petali 6 hadi 15, mara chache hadi 21, nyekundu, damu ya mzee au chungwa, pengine njano, hazidondoki. Viua vya katikati 12 hadi 50. Vigamba vya ndani vyekundu hadi zambarau, ncha ya njano, bila matamvua. Mbegu milimita 7 hadi 10, za pembeni zenye pembe tatu, za katikati bapa, kwa kawaida na mwiba mmoja wa milimita 4 hadi 6.